Kuunga PS3 na mashine zingine za gemu za zamani kwenye waifai ya nyumbani

Ukimwambia mtu PS3 yako haishiki waifai, jibu la haraka ni "imekufa waifai hiyo, peleka kwa fundi". Fundi anafungua, anapuliza vumbi (na kwa Dodoma vumbi halikosi), anafunga, unalipa, unarudi nyumbani mambo ni yale yale. Mara nyingi mashine yenyewe ni nzima kabisa. Kinachotokea ni kwamba rauta na simu za siku hizi zimepanda viwango, na mashine iliyotoka mwaka 2006 viwango hivyo haivijui, kwahiyo ama haiuoni mtandao wako ama inauona alafu inakataa paswadi ambayo wewe una uhakika nayo asilimia mia. Kwahiyo pa kurekebisha ni kwenye rauta au simu, PS unaiacha ilivyo, na bisibisi haihitajiki.

Nitakaa sana kwenye PS3 kwasababu ndio naiona zaidi mageto ya huku Dom. Xbox 360, Wii, PS2 na PSP nitazipitia huko chini.

Kabla ya yote, kama rauta na PS viko chumba kimoja, achana na waifai, nunua waya wa LAN. PS3 zote zina tundu lake kwa nyuma, unachomeka upande mmoja kwenye rauta na mwingine kwenye PS, hakuna paswadi, hakuna kutafuta jina, imeisha. Waya wenyewe unapatikana maduka ya vifaa vya kompyuta pale mjini, na kama una haraka angalia boksi la rauta yako maana nyingi zinakuja na kipande kifupi ambacho watu wanakiacha humo humo kwenye nailoni. Najua wengi hawapendi waya kukatiza sebuleni, mama mwenye nyumba naye atasema, ila kwa kucheza na mtu wa mbali waya hauna mpinzani.

Haya, waifai sasa. PS3 inatumia masafa ya 2.4GHz peke yake, kwa viwango vya zamani vinavyoitwa b na g. Na kuna ile nene ya mwanzo kabisa ya GB 20 ambayo haina waifai hata kidogo, hiyo ukikutana nayo usihangaike, ni waya tu. Rauta nyingi mpya zinarusha masafa mawili kwa pamoja, 2.4GHz na 5GHz, na kwenye simu unaona majina mawili yanayofanana ila moja limeongezwa 5G mwishoni. Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa kuliko sehemu yoyote. Hiyo 5G ya kwenye jina la waifai haihusiani na 5G ya laini ya simu. Unaweza kuwa na rauta ya laini ya 4G na bado waifai yake ikaandikwa 5G mwishoni, na unaweza kuwa na rauta ya laini ya 5G yenye spidi kali ikarusha 2.4GHz vizuri na PS3 ikaunga bila kelele. Kwa PS3 wewe tafuta lile jina lisilo na 5G mwishoni, la 5G haitaliona hata uiweke juu ya rauta yenyewe.

Tatizo linakuja pale ambapo rauta imeunganisha masafa yote mawili kwa jina moja, alafu inaamua yenyewe nani akae wapi. Simu zinapenda hivyo, mashine za zamani zinayumba. Ingia kwenye rauta uyatenganishe. Kuingia ni rahisi, unga simu au laptop kwenye waifai hiyo hiyo, fungua brauza, andika anwani iliyoko kwenye stika chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile za kuweka laini nyingi za Huawei ni 192.168.8.1. Jina na paswadi ya kuingilia vipo kwenye stika hiyo hiyo, na sio lazima iwe sawa na paswadi ya waifai, angalia vizuri.

Ukishaingia tafuta sehemu ya waifai ya 2.4GHz. Ipe jina lake, fupi, herufi na namba tu, achana na emoji na zile alama za nukuu. Kwenye aina ya ulinzi chagua WPA2-PSK yenye AES. Ikiwa imewekwa WPA3 peke yake PS3 haitaingia kamwe, na ile ya mchanganyiko WPA2/WPA3 wakati mwingine inakubali wakati mwingine inaleta ubishi, kwahiyo ikikusumbua shusha iwe WPA2 tupu. Kwenye "mode" hakikisha imeandikwa b/g/n au neno lolote la mchanganyiko, maana ikiwekwa "n" tupu au "ax" tupu PS3 inakuwa kipofu. Kwenye chaneli usiache ijichagulie, weka 1, 6 au 11. Hii ya chaneli inawagusa zaidi wenye mashine za mtumba zilizotoka Marekani, kwasababu rauta za huku zinaweza kwenda mpaka chaneli ya 12 na 13 na mashine za Marekani kawaida zinaishia 11, basi siku rauta ikijihamishia 13 mtandao unapotea kwenye PS na kwenye simu upo vile vile, mnabaki mnalaumiana nani kabadilisha paswadi.

Kama hutaki kushusha ulinzi wa waifai ya nyumba nzima, na mimi nakuunga mkono, rauta nyingi zina kitu cha mtandao wa wageni. Washa huo, uweke kwenye 2.4GHz na WPA2, upe paswadi yake, ndio uwe wa mashine za zamani. Simu za baba na mama zinabaki kwenye mtandao wao wenye ulinzi wa kisasa. Ila una kasoro moja ambayo nitaitaja mwishoni.

Sasa wale wa hotispoti, ambao ndio wengi. Kwenye Android ingia mipangilio ya hotispoti, kuna sehemu ya kuchagua bendi, weka 2.4GHz, na kwenye ulinzi weka WPA2-Personal. Simu mpya zingine zimeficha hiyo ya bendi chini ya "Advanced" au zimeandika "Extend compatibility", iwashe. Kwenye iPhone kuanzia 12 kwenda mbele kuna swichi inaitwa "Maximize Compatibility" ndani ya Personal Hotspot, washa hiyo, ndio inayoshusha kwenda 2.4GHz. Alafu usitoke kwenye hicho kioo cha hotispoti mpaka PS imalize kuunga, iPhone ina tabia ya kujificha ukishatoka. Na ubadilishe jina la simu, yale majina ya kuanzia yenye alama ya nukuu katikati mashine za zamani saa nyingine haziyasomi.

Tuje kwenye PS3 yenyewe. Kwenye menyu kuu nenda kushoto mpaka "Settings", shuka mpaka mwisho kabisa, utakuta "Network Settings". Kwanza hakikisha "Internet Connection" imewekwa "Enabled", watu wengi wanaruka hapa, na kama mashine umenunua mkononi kwa mtu inawezekana aliizima. Kisha ingia "Internet Connection Settings", ikikwambia mtandao utakatika kubali. Itakuuliza "Easy" au "Custom". Easy inatosha kwa watu wengi ila mimi nashauri Custom kwasababu unaona kila hatua na ikigoma unajua imegomea wapi. Chagua "Wireless", kisha "Scan", subiri ikuletee orodha ya majina, chagua lako. Kwenye ulinzi chagua "WPA-PSK / WPA2-PSK", andika paswadi. Kuandika kwa padi kunachosha, ukiwa na kibodi ya USB ya kompyuta chomeka kwenye PS3 inakubali moja kwa moja, na kumbuka herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti. Vinavyofuata acha hivi: IP iwe "Automatic", DHCP "Do Not Set", DNS "Automatic", MTU "Automatic", Proxy "Do Not Use", UPnP "Enable". Bonyeza X kuhifadhi, alafu "Test Connection".

Hiyo test isome vizuri, usikimbilie kufunga. Inakwenda kwa ngazi na kila ngazi ina kisa chake.

Ikifeli kwenye "Obtain IP Address", PS na rauta hazijaelewana kabisa. Paswadi imekosewa, au ulinzi bado ni WPA3, au nafasi zimejaa. Hii ya nafasi ipo sana kwa wanaotumia modemu za mfukoni, zina kikomo cha vifaa, na nyumba yenye vijana watano, mashemeji wawili na TV ya kisasa, PS3 inafika mlangoni inakuta pamejaa. Toa simu moja ujaribu tena. Pia kama mwenye nyumba kafunga rauta iruhusu vifaa anavyovijua tu, itabidi umpe namba ya MAC ya PS3 (namba ya utambulisho ya kifaa), iko "System Settings" kisha "System Information".

IP ikapita lakini "Internet Connection" ikafeli, kabla hujagusa kitu chochote angalia bando. Nasema hivyo kwasababu waifai inaendelea kuonekana na kuunga hata kama hakuna MB hata moja, kwahiyo kwenye PS inaonekana kama ni ugonjwa wake. Bando likiwepo, rudi Custom, kwenye DNS chagua "Manual", weka 8.8.8.8 ya kwanza na 8.8.4.4 ya pili, jaribu tena. Mara nyingi hapo inatiki.

Intaneti ikapita ila PlayStation Network ikafeli, kuna mambo matatu. Moja ni tarehe. Ndani ya PS3 kuna betri ndogo ya duara ya CR2032 inayotunza saa, na kwa umri wa hizi mashine nyingi imeshakwisha, kwahiyo umeme ukikatika tu au ukichomoa ukutani saa inarudi nyuma miaka kibao na mashine inakataa kuamini kitu chochote cha mtandaoni. Ingia "Date and Time Settings" uchague "Set via Internet", na siku ukimpata fundi mwaminifu abadilishe betri. La pili ni programu ya mashine kuwa ya zamani. La tatu ni akaunti: kama uliwasha uthibitisho wa hatua mbili, PS3 haina sehemu ya kuweka ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, inabidi uingie kwenye akaunti yako kwa brauza ya simu utengeneze paswadi maalum ya kifaa, hiyo ndio unaandika kwenye PS3 badala ya ile ya kawaida.

Mwisho wa test utaona "NAT Type". Aina ya 2 ni nzuri, hiyo ndio unayoitaka. Ukiona 3 maana yake utaingia mtandaoni ila kucheza na wenzako na kuongea nao kutasumbua. Kwa rauta ya faiba mara nyingi kuwasha UPnP ndani ya rauta (inayoruhusu mashine ijifungulie njia yenyewe) kunamaliza kazi. Kwa rauta za laini na hotispoti habari ni tofauti, kampuni za simu kwa kawaida zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwahiyo hata uwashe UPnP mpaka asubuhi hutoki kwenye 3. Usimlaumu mtu wa duka aliyekuuzia rauta, na usinunue rauta nyingine ya laini ukitegemea itabadilika.

Suala la mahali pa kuweka rauta nalo lina mzozo wake. Rauta ya laini inataka dirishani ili ishike mnara, hasa ukiwa umejificha nyuma ya mlima kama baadhi ya kona za Ntyuka, na PS inataka sebuleni kwenye TV, katikati kuna kuta mbili za tofali za saruji. Waifai ya 2.4GHz inapenya kuta kuliko ya 5GHz, kwahiyo usikate tamaa mapema. Ila itoe PS3 kwenye kabati la TV lenye milango, na nyuma ya TV pia isikae, maana chuma na kioo vinakula mawimbi na joto la mwezi wa kumi litakuulia mashine bure. Mawimbi yakiwa bado ni dhaifu nunua kifaa cha kurudisha mawimbi, kile cha kuchomeka ukutani, ila chagua chenye tundu la LAN. Kinashika waifai chenyewe, alafu kutoka kwenye lile tundu unapeleka waya mfupi mpaka kwenye mashine, na mashine inaamini imeungwa kwa waya. Kifaa hiki kinaokoa hata mashine ambazo hazina waifai kabisa.

Onyo kubwa kabla hujaanza kushangilia: kama PS3 yako imechipiwa, yaani imebadilishwa programu ili icheze gemu za kopi, na nyingi za vibandani zimechipiwa, ikikwambia iapdeti usikubali. Apdeti rasmi inaweza kufuta kazi yote ya yule aliyechipi na usiweze kufungua gemu zako mpaka umrudie. Na usiingie PlayStation Network nayo, wanafungia akaunti na hata mashine yenyewe. Kama haijachipiwa, apdeti bila wasiwasi ila usitumie bando la mchana. Faili la programu ya mashine linakaribia MB 200, hilo sio baya, balaa ni apdeti za gemu, kuna gemu zinataka GB kadhaa kabla hazijafunguka. Subiri bando la usiku. Programu ya mashine unaweza kuishusha pia kwenye laptop penye intaneti ya bure: weka kwenye flashi ya FAT32, folda iitwe PS3, ndani yake folda iitwe UPDATE, ndani yake faili la PS3UPDAT.PUP, herufi zote kubwa.

Na usitegemee makubwa kwenye kucheza mtandaoni. GTA Online ya PS3 na Xbox 360 ilifungwa tarehe 16 Desemba 2021, na gemu nyingi za zamani seva zake zimezimwa. Duka la PS3 bado lipo.

Xbox 360: nene ya mwaka 2005 haina waifai ndani, inataka adapta yake ya USB inayopachikwa nyuma, au waya. Nyembamba ya 2010 na ile E ya 2013 zinayo ndani. Njia ni "Settings", "System", "Network Settings", na rauta inawekwa vile vile, 2.4GHz na WPA2. Microsoft walifunga duka la 360 tarehe 29 Julai 2024 ila ulivyokwisha nunua unaweza kushusha tena. Ukinunua ya mtumba kutoka Marekani soma adapta ya umeme kabla ya kuchomeka ukutani, ikiandikwa volti 100 mpaka 127 umeme wetu wa 230 utaichoma.

Wii inaunga, 2.4GHz na WPA2 AES, "Wii Settings" kisha "Internet", ila huduma za kucheza mtandaoni zilifungwa Mei 2014 na duka Januari 2019, kwahiyo utaunga uone imeandika imefanikiwa, basi.

PS2 haina waifai ya aina yoyote. Nyembamba zina tundu la LAN, nene inataka adapta yake ya nyuma ambayo kuipata sahivi ni bahati. Hapo ndio kile kifaa cha ukutani kinafanya kazi, au laptop: laptop ishike waifai, waya utoke laptop kwenda PS2, alafu kwenye Windows ingia kwenye sifa za waifai, sehemu ya "Sharing", ruhusu wengine watumie.

PSP ndio ngumu kuliko zote, inajua kiwango cha b tu na WPA2 haiijui. Kuna wanaowasha hotispoti ya simu bila paswadi, wanafanya walichotaka, wanazima. Haikubali kwa kila simu, na geto lenye majirani wengi utashangaa bando limeenda wapi. Ile PSP ya Street haina waifai, usiisumbue.

Kuna kitu ambacho watu hawakitumii na ndio kinachonifanya niunge PS3 kwenye waifai hata nisipokuwa na MB moja. Laptop ikiwa kwenye waifai hiyo hiyo, PS3 inaweza kucheza muvi na miziki iliyoko kwenye laptop bila kugusa intaneti. Kwenye Windows tafuta "Media streaming options" uwashe, uruhusu PS3. Kwenye PS3 "Network Settings" uweke "Media Server Connection" iwe "Enabled", kisha nenda kwenye "Video" ubonyeze "Search for Media Servers". Laptop inatokea hapo kama folda. Muvi za MP4 zinacheza, za MKV hazichezi, inabidi uzibadilishe kwanza. Faida nyingine ni kwamba flashi ya FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, kwa njia hii linapita. Na ile kasoro ya mtandao wa wageni niliyosema ni hapa: rauta nyingi zinazuia vifaa vya wageni visionane, kwahiyo ukitafuta laptop kwenye PS3 hutaiona. Ingia kwenye rauta uzime hicho kizuizi, kinaandikwa "AP isolation" au "client isolation", au siku ya muvi hamisha PS na laptop zote zikae kwenye ile 2.4GHz ya nyumba, ila ikiwa ni ya WPA3 ishushe iwe WPA2 kwanza.